Nduku Wawili, Simu Moja

Vijana, mniite mwoga. Sikasiriki. Miaka yote niliyokaa na kompyuta za hospitali nilifanya kazi nikiogopa, na sasa nimestaafu, niko hapa Mbooni na maparachichi yangu, na bado simu ikiita asubuhi mapema naiacha iite mara mbili kabla sijaishika. Juzi kijana mmoja wa ofisini alipanda mlima kunisalimia. Akaniambia, huku anakula muthokoi wangu wa mahindi na maharagwe, "Madam, wanataka tuunganishe databesi zingine mbili. Ni kuunganisha tu. Kazi ya mchana mmoja." Kuunganisha tu! Nilimnyang'anya sahani. Nikamwambia akae, asikilize, na haya ndiyo niliyomwambia. Nyinyi wengine pia kaeni.

Mimi ni Mwikali. Nilikuwa mtu wa kumbukumbu za wagonjwa katika hospitali moja ya kanisa upande wa Makueni. Jina la hospitali silitaji. Ilikuwa na dada yake Kitui, mwenye mali ni yule yule, lakini kila moja ilinunua kompyuta kivyake, mwaka wake, kwa fundi wake. Kwa hivyo kulikuwa na databesi mbili, na majedwali yake hayakuwahi kuonana. Mgonjwa akitibiwa Kitui leo na kuja kwetu kesho, kwetu ni mgeni kabisa. Anaanza kuhojiwa upya, jina, kijiji, ugonjwa, mpaka anachoka na kusema ndiyo kwa kila kitu.

Upande wa Kitui mwenye funguo alikuwa Mzee Ndeti. Mfupi, mkali, kikombe cha uji mezani toka asubuhi mpaka jioni, na ole wako uweke karatasi karibu na hicho kikombe. Ndiye aliyenifundisha kazi, wakati hata kipanya nilikishika kama sabuni. Alinifundisha kwa matusi. Nikimpigia kumuuliza kitu, jibu la kwanza ni lile lile: "Mwikali, umesoma ulichoandika, ama umeandika tu?"

Sasa nieleze hiyo kazi yenyewe, kwa sababu najua wengine wenu mnabonyeza tu. Databesi mbili zikiwa mbali, huhitaji kuzihamisha. Unafungua kama dirisha. Jedwali la Kitui linaonekana ndani ya databesi ya Makueni, unaliuliza maswali kama ni lako, kumbe limelala kule kule Kitui. Ni kitu kizuri sana, na ndiyo maana ni kibaya, kwa sababu unasahau kwamba si lako. Siku ya kwanza nilisahau. Niliandika swali dogo tu, wagonjwa wa kisukari wa kijiji fulani, na kompyuta yangu ikaamua kuvuta jedwali lote la Kitui, mstari kwa mstari, ije kuchagulia hapa kwangu. Mtandao wa hospitali zote mbili ukakwama. Dawa hazitoki, foleni imefika getini. Mzee Ndeti akanipigia: "Unavuta nini huko, wewe? Ng'ombe?" Basi shikeni hiyo: swali ndilo linatumwa kule, jibu ndilo linaletwa. Usilete shamba lote nyumbani kutafuta muhogo mmoja.

Halafu kuna lugha. Ndeti aliandika mwanamume ni moja, mwanamke ni mbili. Fundi wa kwetu alianza na wanawake. Katika majaribio ya kwanza wanaume wote wa Kitui walikuja kwetu wanawake, na mzee mmoja wa kanisa, mtu wa ndevu, akaonekana ameandikiwa kliniki ya wajawazito. Tulicheka mpaka nikalia. Nawaambia ukweli, kicheko hicho kilinipumbaza. Nilidhani makosa ya kazi hii yote yatakuwa ya kuchekesha.

Shida kubwa ilikuwa moja. Nitajuaje kwamba huyu wa Kitui ndiye huyu wa Makueni? Namba za wagonjwa hazikunisaidia, kwa sababu kila hospitali ilianza kuhesabu na moja. Mia tano wa kwangu ni mvulana aliyevunjika mkono, mia tano wa Ndeti ni bibi wa macho. Namba ya kitambulisho? Watoto hawana, wazee wamepoteza, na karani wetu mmoja alikuwa akiona uvivu anaacha wazi. Tarehe ya kuzaliwa? Woi! Wazee wote wa Ukambani walizaliwa tarehe moja Januari. Muulize susu yako, yaani nyanya, alizaliwa lini, atakuambia ni ile njaa fulani. Karani anaandika Januari moja na mwaka wa kubahatisha, Kitui mwaka huu, Makueni mwaka ule. Nilipotumia tarehe, wazee wangu hawakupatana hata kidogo. Nikaitoa.

Lakini nambari ya simu ilikuwa imejaa, karibu kila mstari. Nikapiga makofi peke yangu ofisini. Jina na simu! Vikifanana, ni mtu mmoja.

Nikampigia Mzee Ndeti kujisifu. Nikasikia anakunywa uji. Kisha akasema, "Mwikali, usiunganishe watu kwa kitu wanachoazimana."

"Simu zimeenea siku hizi, Mzee. Kila mtu ana yake."

"Kwenu Mbooni labda. Mimi mama yangu anatumia ya jirani."

"Na jina je? Jina pia wanaazimana?"

"Wewe ni Mkamba ama umehama?" akaniuliza, akakata.

Nilimwona ni mzee mwenye wivu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi sikusikia. Niliandika amri yangu ya mwisho. Jina na simu zikifanana, mistari miwili iwe mtu mmoja. Wakitofautiana mahali, habari mpya ishinde ya zamani. Ya zamani nikaifuta, sikuiweka hata jedwali la pembeni, nikiona kwamba nafanya usafi. Na kwa fahari yangu, kila aliyeunganishwa nikamwekea alama ya kijani kwenye skrini ya manesi: imethibitishwa na hospitali mbili. Alama hiyo niliipenda kuliko kazi yenyewe. Niliiendesha Jumamosi. Jumatatu asubuhi nikawa Kitui, ofisini kwa Mzee Ndeti, nimekuja kukabidhi makaratasi, nimevaa hata sketi mpya.

Simu yangu ikaita. Alikuwa Sista Kalekye, nesi wa wodi ya akina mama kwetu, mtu wa utani tangu zamani.

"Madam! Hii kompyuta yako imetuletea maajabu. Niko na mama hapa anaingia thieta kujifungua kwa upasuaji, na skrini inasema ana miaka sabini na mbili. Tuite watu wa redio?"

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka. "Anaitwa nani huyo Sara wa Biblia?"

"Nduku Kilonzo. Msichana wa watu, hata ishirini na tatu hajafika. Nikipata nafasi nitairekebisha hiyo miaka. Wacha niende, daktari anaita." Akakata.

Nikamgeukia Ndeti nimwambie kichekesho. Nikamkuta hacheki. Alikuwa ameshaandika jina kwenye kompyuta yake. Akaigeuza skrini nione. Nduku Kilonzo, kuzaliwa Januari moja, miaka sabini na mbili, kidonda cha mguu. Alidungwa penisilini mwezi uliopita. Mzio: hakuna. Simu ni ile ile iliyoko kwetu Makueni.

Sasa ngojeni niwaambie kile ambacho hamhitaji kuambiwa kama mmezaliwa huku. Kwetu msichana hupewa jina la nyanya yake, mama ya baba. Mimi mwenyewe Mwikali ni jina la susu wangu, na tukiwa watoto baba yangu alikuwa akiniita "mwaitu," mama yetu, kwa heshima ya mama yake. Mzee Kilonzo akiwa na mke Nduku, mwanawe akizaa msichana, huyo ni Nduku, na kwa kitambulisho ataandikwa Kilonzo. Nduku Kilonzo na Nduku Kilonzo. Na ile simu ni ya nani? Ya msichana, kwa sababu ndiye anayejua kusoma, na susu akiulizwa nambari hospitalini anatoa ya mjukuu. Hili nililijua tangu nanyonya. Mimi, Mkamba, mwenye jina la kuazima, nikakaa mbele ya kompyuta nikalisahau.

Sikujua mstari wa yule msichana ulisema nini kabla ya Jumamosi, kwa sababu nilikuwa nimeufuta kwa mkono wangu. Labda hakuwa na shida yoyote. Labda alikuwa nayo. Kilichokuwa mbele ya Sista Kalekye sasa ni kwamba huyu mama alidungwa penisilini juzi juzi na hakudhurika, na juu yake kuna alama ya kijani. Na kabla ya kupasuliwa, mama hudungwa sindano ya kuzuia vidudu, na hospitali yetu ilikuwa ikitumia dawa ya jamii hiyo hiyo.

"Piga," Ndeti akasema. "Mwikali, piga simu!"

Nikapiga. Simu ya Kalekye inaita, haishikwi. Nesi akiingia thieta simu huacha dawatini. Nikapiga ya wodi, imekufa kama kawaida yake. Nikapiga ya daktari, imezimwa. Ndeti akaniondolea simu mkononi. "Nani mwingine yuko pale? Yeyote!"

Mutinda. Askari wa getini. Yeye humkosi, simu iko mfukoni daima kwa ajili ya mpira.

"Mutinda, kimbia thieta. Sasa hivi. Wasimdunge Nduku sindano yoyote!"

"Madam, mimi siruhusiwi kuingia kule, na geti..."

"Acha geti! Gonga mlango, piga kelele, uvunje! Sema Mwikali amesema kompyuta imedanganya!"

Nikasikia buti zake zikikimbia. Hakukata simu. Ndeti aliiweka mezani tukainamia wote wawili. Tukasikia anahema, tukasikia mtu anamgombeza kwamba sakafu imeoshwa, tukasikia anagonga, anagonga tena, anapaza sauti kwamba kompyuta imedanganya. Sauti ya mwanamke ikamfokea. Kisha mlango ukafunguliwa na tukasikia, mbali lakini wazi, Sista Kalekye, yule mtu wa utani, sauti imepanda juu kabisa: "Koo linafura! Adrenalini! Leteni adrenalini!"

Halafu simu ikakatika.

Vijana, mimi nimezika wazazi wangu wote wawili. Nimezika mume. Lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa katika ile ofisi. Nilikaa chini sakafuni na sketi yangu mpya. Mzee Ndeti hakunitukana, na hilo lilinitisha zaidi, kwa sababu nilijua akiniacha bila tusi basi mambo yameharibika kweli. Alifunga dirisha letu kati ya databesi mbili, ili kosa lisiendelee. Kisha akaniuliza taratibu, "Bekapu ya Ijumaa iko?" Ilikuwako, kwenye diski ndani ya mkoba wangu. Hicho ndicho kitu kimoja nilichokifanya sawasawa. Tuliifungua pembeni, si juu ya ile iliyoharibika, nanyi msiifungue juu yake kamwe. Tukatafuta. Mstari wake ulikuwa pale: Nduku Kilonzo, miaka ishirini na mbili. Mzio: penisilini. Alifura akiwa darasa la tano, karibu afe. Karani mmoja aliandika hayo yote vizuri, na mimi nikayafuta kwa usafi.

Nikaanza kuuliza ile bekapu: ni wangapi wengine niliowaunganisha hivi, jina moja, simu moja, lakini umri umepishana miaka arobaini au zaidi? Majina yakaanza kushuka kwenye skrini. Mutua na Mutua. Kalondu na Kalondu. Wambua, Mwende, Syombua, babu na mjukuu, susu na mjukuu. Yakashuka, yakaendelea kushuka, nikaziba macho. Majuto ni mjukuu, tulifundishwa shuleni, na wajukuu wangu walikuwa wamejaa skrini.

Kalekye alipiga baada ya muda ambao siwezi kuupima. "Yuko hai," akasema. "Na mtoto yuko. Msichana. Lakini Madam, sindano ilikuwa imeshaanza kuingia Mutinda alipogonga. Nilikuwa nashangaa ni nini, siamini ni dawa, kwa sababu skrini ilisema ni salama. Ule mlango ndio ulinizindua." Akaanza kulia. Mimi nilikuwa nimeanza zamani.

Wiki ile hatukulala vizuri, lakini tulirudisha kila mstari. Tulirudisha ya Ijumaa, kisha tukawapigia watu mmoja mmoja. Hapo ndipo Mungu alinicheka. Napiga nambari, nauliza, "Naongea na Kalondu?" Naambiwa, "Kalondu yupi, wa juu ama wa chini?" Mama mmoja wa Sultan Hamud aliniambia nambari hiyo ni ya duka lake, na watu kumi na moja wa kijiji huitumia. Kumi na moja! Wengine tuliwapata, wengine tukawafuata kwa miguu na kwa boda boda kwenye miteremko. Wengine simu ilikuwa imeuzwa.

Kwa hivyo nyinyi mnaokuja, sikilizeni. Kabla ya kuunganisha, wape watu wachache mstari mkononi, uwaulize kwa mdomo: huyu ni wewe? Kila mtu apate namba yake mwenyewe, isiyotoka kwa simu wala kwa jina wala kwa tarehe, na usichoke kama wengi wanabaki bila mwenzao. Asiyeunganishwa atahojiwa tena, atakasirika, ataishi. Unapobadilisha kitu, fungua, badilisha, hesabu, tazama wachache kwa macho, na kama kitu hakikai sawa rudisha kabla hujafunga. Mzio usifutwe na kompyuta hata siku moja. Ukiwa na habari mbili zinazopingana, weka zote mbili, mtu aamue. Na kama hujui, uliza. Kuuliza si ujinga, na Ndeti angenitukana tu, nisingekufa.

Lakini mimi nilitaka kuwaambia juu ya siku ya tatu.

Siku ya tatu baada ya sindano ile nilikwenda wodini. Hakuna aliyenituma. Mkubwa wa hospitali aliniambia nisiende, tusubiri barua ya wenye mali. Nilikwenda. Nduku alikuwa amekaa kitandani, uso bado umevimba kidogo machoni, mtoto amemlalia. Msichana mwembamba, mpole. Nikajitambulisha, nikamwambia mimi ndiye mtu wa kompyuta, na kosa ni langu, si la Sista Kalekye. Nilikuwa nimeyapanga maneno toka nyumbani, lakini yalitoka yote kwa mpigo, yamechanganyika na Kikamba.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Niliwaambia."

"Uliwaambia nini, mwanangu?"

"Sindano hiyo. Niliwaambia hainipendi, nilifura nikiwa shule. Sista akatazama kompyuta akaniambia hapana, wewe ulidungwa mwezi uliopita Kitui na ukapona, umesahau kwa sababu ya uchungu." Alisema bila hasira, na ingekuwa afadhali angenipigia kelele. "Nikafikiri labda ni kweli nimesahau. Kompyuta ndiyo inajua."

Nilisema pole. Nikasema tena pole. Akaniuliza kama tumesharekebisha yake, nikasema ndiyo. Akaniuliza kama kuna wengine, nikasema ndiyo. Akauliza kama tumewapata wote.

"Bado," nikasema.

Nikaona sina tena la kufanya pale, na mikono yangu, vijana, mikono iliyozoea kazi moja tu maisha yote, ikafungua yenyewe faili lililokuwa kitandani. Fomu ya mtoto ilikuwa bado tupu. Nikashika kalamu, nikauliza kwa sauti ile ya ofisini, kama nilivyouliza maelfu ya akina mama, "Na mtoto mmempa jina gani?"

Nduku alimvuta mtoto upande wa ukuta, akamfunika na leso mpaka kichwani, mbali na mimi.

"Hilo sikuambii," akasema.

Nikafunga kalamu nikatoka. Mpaka leo sijui mtoto yule anaitwa nani.